Kinu kidogo cha kahawa kinahitaji kibali cha kutiririsha majitaka? Jibu kwa mleta uzi

Mkuu, unasema kikundi chenu kina kinu kimoja cha kumenyea kahawa, kinafanya kazi miezi michache kwa mwaka, kibali cha kutumia maji mnacho, na sasa watu wa bonde wanataka muombe na kibali cha kutiririsha majitaka. Unaona mnaonewa, maana maji yenu "ni kidogo na hayana kemikali". Nimesimamia kinu cha chama cha msingi huku Kilimanjaro misimu kadhaa, nakujibu kwa niliyoyaona.

Hivyo ni vibali viwili tofauti. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatenganisha kuchukua maji na kuyarudisha yakiwa machafu, na vyote viwili mnaomba kwenye bodi ya maji ya bonde lenu. Mngekuwa mjini mnamwaga kwenye mtandao wa majitaka, mngeongea na mamlaka ya maji.

Sasa hilo la "kidogo". Tuseme kwa siku mnatoa lita 10,000. Maji ya kumenyea na kuoshea yamebeba sukari na ule utelezi unaoshika mbegu, na vijidudu vya mtoni vinapoula vinamaliza oksijeni. Kipimo chake ni BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu vinatumia kuula uchafu huo. Kwa maji ya kahawa, BOD ya miligramu 3,000 kwa lita si ajabu, wakati kiwango cha juu kwenye kanuni za ubora wa maji za 2007 ni 30. Piga hesabu: kilo 30 kwa siku. Uchafu wa mtu mmoja kwa kipimo hichohicho ni kama gramu 50 kwa siku, kwa hiyo kinu chenu kikiwa kazini ni kama mmeelekeza mtoni majitaka ya watu 600. Na hayo yanatokea kuanzia Julai hivi, kiangazi, mto umebaki mkondo mwembamba, na huko chini kuna mtu kafungulia mfongo (mfereji wa asili) anamwagilia migomba. Samaki hawaulizi kama ni kemikali.

Afisa alipokuja kwetu hakuangalia mashine. Alishuka moja kwa moja hadi bomba linapoishia, akachovya kipima pH, kile cha kuonyesha ukali wa tindikali (namba ikishuka ukali unazidi), kikasoma nne na kitu (inatakiwa 6.5 hadi 8.5), akajaza chupa na kuitia kwenye kasha la barafu. Barafu ni ya lazima: BOD hupimwa maabara kwa siku 5 kwenye nyuzi 20, sampuli ikichacha njiani majibu hayana maana. Mwenyekiti wetu akadakia kwamba tutamwaga chokaa. Chokaa inapandisha pH kweli, lakini sukari imo vilevile.

Kilichofanya kazi ni kubadili mpangilio. Maganda yakatolewa makavu, yasikae ndani ya maji hata saa moja, yakaenda kuwa mboji. Maji ya kumenyea tukayazungusha yatumike tena. Yanayobaki yanakaa kwanza kwenye tangi la kutulia, tunayaacha yachachuke: yakifika pH ya karibu 4 ule utelezi unaganda na kuelea juu kama ukoko, unauengua kwa chepe. Hapo ndipo chokaa inaingia, na kiasi kidogo tu kinatosha. Mwisho yanaenda kwenye mashimo ya kunyonya, mbali na mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni, msibanebane hapo. Na usidhani shimo linakutoa kwenye sheria, maana maji ya chini ya ardhi nayo yanalindwa. Litajeni kwenye maombi.

Kuna kitu kinaniudhi kwenye mfumo huu, nitakisema. Kiwango kinahesabiwa kwa lita. Anayezungusha maji akaokoa mto, maji yake ya mwisho ni mazito, anaonekana mchafu. Anayefungulia bomba wazi akazimua, anaonekana nafuu, ingawa kilo za uchafu ni zilezile. Kwa hiyo kwenye fomu msijaze ujazo kwa kukisia. Wekeni ndoo na saa, pimeni siku ya kilele, muandike na kilo za matunda mekundu mliyomenya siku hiyo. Afisa mwenye akili ataona mnatumia maji kiasi gani kwa kila kilo, na hapo mna hoja ya kutetea.

Kuhusu gharama: ada za bodi ulizia pale pale. Kwetu sisi kilichouma ni maabara na kuchimba mashimo. Ombeni masharti yaseme wazi kwamba sampuli zichukuliwe Septemba au Oktoba wakati kinu kinanguruma. Ya Machi itapima maji ya mvua yaliyojaa shimoni, nanyi mtalipia maabara bure.