Óin ni nani kwa Gimli: mjomba, ami au baba mkubwa?

SWALI: Naandika kwa Kiswahili muhtasari wa hadithi za vibete za J.R.R. Tolkien. Niliandika kwamba Óin ni mjomba wa Gimli. Mwenzangu mmoja akanisahihisha, akataka niandike ami. Mwingine anasema yote ni sawa tu, maana Kiingereza kina neno moja. Nani yuko sahihi? Na Balin je, nimwite binamu wa Gimli?

JIBU: Mjomba hapana. Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama, na mama yake Gimli hatajwi hata jina katika hadithi hizo, seuze kaka zake. Óin na Glóin ni watoto wa Gróin, na Glóin ndiye aliyemzaa Gimli. Óin basi ni wa kuumeni. Najua siku hizi wengi huita mjomba, au anko, kila mwanamume wa rika la baba. Katika mazungumzo haidhuru. Lakini wewe unaeleza ukoo, na msomaji makini akiona “mjomba” ataanza kumtafuta shemeji wa Glóin ambaye hayumo.

Mwenzako wa ami hajakosea. Ami, au amu, ni ndugu wa kiume wa baba, awe mkubwa au mdogo, na watu wa mwambao hawana haja ya kuuliza zaidi. Ukitumia baba mkubwa au baba mdogo, hapo ndipo lugha inakudai umri, na huwezi kukisia. Bahati nzuri Tolkien alichora mti wa ukoo huu katika viambatisho vya juzuu ya mwisho ya The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1955. Óin alizaliwa mwaka 2774 wa Enzi ya Tatu, Glóin mwaka 2783. Óin kamtangulia mdogo wake kwa miaka tisa, kwa hiyo ni baba mkubwa wa Gimli.

Nasisitiza hili kwa sababu hadithi yenyewe inaweza kukupotosha. Glóin ndiye anayekaa barazani kwa Elrond, ndiye anayeonekana mzito, na ndiye mwenye mwana mashuhuri. Óin anapita pembeni tu. Anayesoma haraka atamwita baba mdogo. “Mkubwa” hapa si cheo wala umaarufu, ni kutangulia kuzaliwa kwa kumlinganisha na baba yako, basi.

Ukitaka kumwona mjomba halisi katika masimulizi hayo, mtazame Thorin, kiongozi wa vibete katika The Hobbit. Fíli na Kíli ni watoto wa dada yake, Dís, kwa hiyo yeye ni mjomba wao na wao ni wapwa zake. Wanapokufa vitani wakimkinga kwa ngao na miili yao, mwandishi anatoa sababu: alikuwa kaka mkubwa wa mama yao. Kiingereza kimelazimika kuzunguka ili kuutaja upande wa mama. Kiswahili kinamaliza kwa neno mjomba, ingawa ule ukubwa wa Thorin kwa Dís unabaki nje.

Sasa Balin, na hapa ndipo nisingependa kabisa uandike binamu. Katika filamu ya The Lord of the Rings ya mwaka 2001 Gimli anamtaja kwa neno la Kiingereza, cousin, ambalo wengi hulitafsiri hivyo, na ukilichukua lilivyo utamfanya Balin kuwa wa rika lake. Sivyo. Fundin, baba yake Balin, na Gróin, babu yake Gimli, ni ndugu, wote watoto wa Farin. Watoto wao, yaani Balin na Dwalin upande mmoja, Óin na Glóin upande wa pili, kwetu ni ndugu. Ndugu wa baba ni baba. Kilichobaki ni ukubwa, na Balin (2763) na Dwalin (2772) wote wamemtangulia Glóin. Kuna wanaohesabu ukubwa kwa nyumba, si kwa mtu; hata kwao jibu ni lilelile, kwani Fundin alizaliwa kabla ya Gróin. Gimli ana baba wakubwa watatu.

Jambo hilo linabadilisha tukio la Moria, makao ya kale ya vibete chini ya milima. Gimli anaposimama mbele ya kaburi lenye maandishi “Balin mwana wa Fundin” na kujifunika uso kwa kofia ya vazi lake, anamlilia baba yake mkubwa. Muda mfupi baadaye mchawi Gandalf anasoma katika daftari lililochanika kwamba Óin naye alichukuliwa na kiumbe cha majini. Muhtasari ukisema “binamu” na “mjomba”, msomaji ataona msiba wa mbali. Ni baba wawili hao.

Madogo mawili ya sarufi. Ijapokuwa kibete ana umbo la ki-vi, ni kiumbe hai: kibete mzee amefika, vibete wote walikufa, si “kibete kizee kimefika”. Na katika umilikishi, wapo wasemao baba mkubwa wake. Mimi naona baba yake mkubwa ndiyo inayokaa vizuri zaidi, na kwa wingi baba zake wakubwa. Sentensi yako basi ingesomeka hivi: “Óin mwana wa Gróin, baba yake mkubwa Gimli, alifuatana na ndugu yake Balin kwenda Moria, na wote wawili wakafia huko.”