Uliza Fundi Ngozi: Sindano Itembee

Safari hii mezani kwangu kumejaa barua za cherehani, na karibu zote zinauliza nguvu: mota ya kiasi gani, inatoboa unene gani. Nimefupisha zilizo ndefu, wenyewe mtanisamehe. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu ndilo linalowahusu wengi.

Shikamoo fundi. Mama aliniachia cherehani yake ya nyumbani, ya chuma tupu, na nguo inashona vizuri sana. Nataka kushona pochi na mikanda ya ngozi, si biashara, kujifurahisha tu. Nimeona tangazo la cherehani nyingine ya nyumbani ambayo wanasema ni ya kazi nzito na inashona hata ngozi. Niinunue, au hii ya mama itatosha?
*Mwenye Cherehani ya Mama*

Marahaba mwanangu. Usiinunue.

Tangazo halidanganyi, ila limekunyima nusu ya maneno: ngozi gani, ya unene gani, na kwa uzi gani. Ngozi laini ya koti, yenye unene wa milimita 1, tabaka mbili, hata ya mama itaishona. Mkanda wa ngozi ngumu wa milimita 3.5, hizo cherehani zote mbili zitaugomea. Kwa hiyo utakuwa umelipia kile unachokwisha kuwa nacho.

Najua mota za nyumbani ni dhaifu. Lakini mota dhaifu unaweza kuisaidia kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Usichoweza kukisaidia ni jinsi ngozi inavyosogezwa. Kwenye cherehani ya nguo, kazi ya kusogeza ni ya yale meno ya chini peke yake. Mguu wa juu umekandamiza tu. Kitambaa kinateleza chini ya huo mguu bila taabu. Ngozi haitelezi, inaung'ang'ania. Tabaka la chini linakwenda, la juu linabaki, na ukifika mwisho wa pochi unakuta kipande kimoja kimempita mwenzake na mishono mingine mirefu, mingine mifupi. Hata ukifunga mota ya kiwandani, ubishi huo utabaki pale pale.

Cherehani iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi husogeza kwa vitu vitatu pamoja: meno, sindano na mguu wa ndani. Sindano inazama, kisha ikiwa bado imezama inasafiri kwenda nyuma pamoja na ngozi, huku mguu wa ndani umeikamata kwa juu. Ikishapanda, mguu wa nje ndio unaoshikilia kazi mpaka ule wa ndani urudi mbele. Ndivyo zinavyofanya kazi Juki DNU-1541 na Consew 206RB, na nyingine nyingi za ukoo huo.

Sasa siku ukienda kutazama cherehani, usianze kwa kumuuliza muuzaji inashona unene gani, maana jibu lake unalijua. Inama mpaka macho yawe sawa na sindano, uitazame kwa ubavu, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Ikishuka na kupanda mahali pale pale, hiyo si ya kazi yako, hata kama kichwa chake ni kizito na kimetoka kiwandani. Ikizama halafu ikatembea kabla ya kupanda, hapo mnaweza kuanza kuzungumza.

Wakati unajipanga, ya mama usiitupe. Ipe ngozi laini tu, tabaka zote kwa pamoja zisizidi milimita 2. Ifunge mguu wa teflon au wenye vigurudumu ili ngozi iteleze, sindano ya ngozi namba 100 au 110, uzi wa Tex 70 (Tex ni kipimo cha uzi, namba ikipanda uzi ni mnene zaidi) na si mnene zaidi ya huo, na mshono wa milimita 3.5 hivi. Na upime ukingo kabla ya kushona. Pochi huwahadaa watu: ngozi ya nje milimita 1.2, bitana 0.8, mifuko mitatu ya kadi ya 0.8 kila mmoja. Ikipandana yote ukingoni umeshafika 4.4. Kwangua kingo za mifuko kwa kisu upunguze unene, au ikate mifuko ya juu ili ncha zake zisifike zote ukingoni. Mkanda ushone kwa mkono. Jibu lake liko chini.

Fundi, mimi cherehani yangu ni hiyo hiyo ya sindano inayotembea. Lakini inaruka mishono, na uzi unachanika manyoya mpaka unakatika. Fundi niliyemwita anasema ndoana imepoteza mpangilio wake, inabidi ifunguliwe yote. Nimruhusu?
*Uzi Umenishinda*

Bado. Mwambie asubiri nje na bisibisi yake.

Badilisha sindano kwanza. Kisha fanya jaribio hili: itungie uzi unaotumia, shika uzi huo kwa mikono miwili uliovutwa, uuinamishe upande mmoja. Sindano iteleze yenyewe kuushuka kwa uzito wake. Ikikwama njiani, tundu ni dogo kwa uzi huo, na ndilo linalokunyoa manyoya. Uzi wa Tex 70 unataka sindano namba 110 hivi. Tex 90 unataka 120 au 125. Tex 135 unataka 140, na kama ngozi ni ngumu panda hadi 160. Watu hununua uzi mnene kwa sababu unapendeza machoni, wakaacha ile sindano iliyokuja na cherehani.

Kuhusu kuruka, elewa mshono unavyozaliwa. Sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, uzi ulioko nyuma yake hulegea kidogo ukafanya kitanzi. Ndoana hupita wakati huo huo na kukinasa kitanzi hicho. Sasa ngozi yako ikiwa inanyanyuka pamoja na sindano, kitanzi hakifanyiki, ndoana inapita hewani, na mshono umeruka. Toa bamba la pembeni, washa taa, zungusha kwa mkono utazame ngozi kama inapanda. Ikipanda, kaza skrubu ya kukandamiza mguu, kidogo kidogo, maana ukizidisha mguu utaacha alama ambazo hazifutiki. Ikiwa ngozi imetulia, sindano ni mpya, imeingia mpaka juu na imeelekezwa sawasawa, lakini bado inaruka, basi mwite yule fundi.

Tazama pia ncha. Kwa cherehani za ukoo wako sindano 135x17 ni za kitambaa na 135x16 ni za ngozi. Urefu ni mmoja, tofauti iko kwenye ncha. Ya kitambaa husukuma nyuzi kando ipite. Ya ngozi ni kisu, hukata. Kwa sababu hukata, usibane mishono: chini ya milimita 3 kwenye ngozi nyembamba mikato inakaribia kuungana, na siku moja mstari wote unachanika. Mimi pochi nashona kwa 3.5 mpaka 4, mkanda kwa 5 au 6.

Na mkazo wa uzi: fundo la nyuzi mbili lijifiche katikati ya unene wa ngozi. Ukiliona limechomoza juu, uzi wa juu umekazwa mno au wa bobini, yaani wa chini, umelegea. Jaribu kwenye kipande cha ngozi ile ile, tabaka zile zile. Kujaribu kwenye kipande kingine hakukuambii kitu.

Nimepata cherehani ya ngozi iliyokwisha tumika. Ukiwasha swichi mota inanguruma hata kabla hujagusa pedali, na ukigusa tu inaruka kama imeona nyoka. Naogopa vidole vyangu.
*Mwoga wa Pedali*

Ogopa tu, uoga huo una akili. Hiyo ni mota ya klachi: inazunguka wakati wote, na pedali huiunganisha na kichwa cha cherehani. Kiwandani walishona mapindo marefu siku nzima, mwendo ule uliwafaa. Wewe unazunguka kona ya pochi, mishono minne na kugeuza.

Ibadilishe uweke mota ya sevo, ambayo huzunguka pale tu unapokanyaga, na mwendo wake wa juu unaweza kuupunguza. Matundu ya meza mara nyingi hulingana. Kisha, kwenye mota, weka puli ndogo zaidi, yaani lile gurudumu linalovuta mkanda wa mota. Ukitoka kwenye puli ya milimita 100 ukaja ya 50, mwendo umekuwa nusu na nguvu ya kusukuma sindano imekuwa maradufu. Mkanda wa mota utapwaya, kwa hiyo andaa mfupi. Na pesa ikibanwa, anza na mota. Puli inaweza kungoja.

Swichi uizime kila unapotunga uzi. Hata ya sevo.

Naona mafundi viatu wana cherehani ya mkono mwembamba mrefu, ambayo mguu wake unazungushwa kuelekea upande wowote. Jirani anauza yake. Itanifaa kwa mikoba?
*Mpenda Mikoba*

Unazungumzia ukoo wa Singer 29K. Ni cherehani ninayoipenda, lakini ni ya matengenezo. Mguu wake wenye meno ndio unaovuta ngozi kwa juu, na ndio maana unaweza kushona kwenda kushoto, kulia, nyuma, bila kugeuza kiatu. Kiraka, zipu iliyoachia ndani ya mkoba ulioshonwa tayari, ngozi ya nyuma ya kiatu: hakuna inayoishinda.

Ila meno yale huacha alama juu, bobini yake ni ndogo hivyo utaijaza kila mara, na mishono mirefu iliyonyooka ni taabu kuipata. Kwa mikoba mipya tafuta cherehani ya mkono wa mviringo yenye sindano inayotembea. Mkoba unauvisha kwenye mkono. Ukiwa unashona vitu bapa tu, pochi na mikanda, cherehani ya meza bapa ni rahisi zaidi kwa mwanzo.

Kama bado unaitaka ya jirani, shika mguu utikise. Ukicheza sana pande zote, vyuma vya ndani vimekwisha liwa, na mishono itakuwa inafupika yenyewe.

Sina cherehani na sitanunua. Nina meza, taa na jioni zangu. Nianze na zana gani za mkono?
*Mtu wa Jioni*

Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja.

Nunua kisu kizuri na rula ya chuma, uma wa kutobolea wa meno sita na mwingine wa meno mawili kwa ajili ya kona, nyundo ya mpira au plastiki (ya chuma itaharibu vichwa vya uma), sindano mbili butu, uzi wa poliesta uliotiwa nta, na kibano cha mbao cha kushikilia kazi katikati ya magoti. Uma wenye nafasi ya milimita 4 kati ya jino na jino utakufaa kwa mengi, na uzi wake uwe wa milimita 0.6 au 0.8. Kisha msharasi. Hapa usiwe mchoyo, lakini ujue hata ulio mzuri huuzwa butu; unoe mwenyewe, halafu uusugue kwenye kipande cha ngozi mpaka upenye bila kusukumwa. Bapa lake lina pembe nne na hukata tundu la mshazari. Tobo zote zielekee upande mmoja, maana mshono wako utalala vile tundu lilivyolala.

Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono, na zaidi kama ngozi ni nene. Tunga sindano kila ncha. Ukitoboa, jino la kwanza la uma liingie kwenye tundu la mwisho ulilokwisha toboa, ili nafasi zisipotee. Pitisha sindano ya kushoto, vuta. Ya kulia iingie tundu lile lile, na kabla hujaisukuma yote vuta ule uzi wa kwanza nyuma kidogo uhakikishe hukuuchoma. Sasa vuta zote mbili kwa pamoja, mikono sawa. Tundu linalofuata, anza tena na kushoto. Ukibadilisha mpangilio katikati ya mstari, macho yataliona hata kama hayajui ni nini.

Wenye cherehani hawapendi kusikia hili, lakini mshono wako utakuwa imara kuliko wao. Wa cherehani ni nyuzi mbili zilizonasana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mwenzake hana pa kushika, na mshono hufumuka. Kwako kila tundu limepitiwa na nyuzi zote mbili zikipishana. Mmoja ukikatika, wa pili bado umeshona.

Fundi, naweza kushikiza kwa pini kabla ya kushona?
*Haraka Haraka*

Hapana. Tundu kwenye ngozi halizibi. Tumia vibanio, au gundi upana wa milimita 3 tu ukingoni. Uso ukiwa unang'aa, ukwangue kwanza gundi ishike, na usishone kabla haijakauka; mbichi huganda kwenye sindano, halafu utaniandikia barua ya kuruka mishono.