Sauti kukauka baada ya mazoezi ya kwaya

Dada, umeuliza kama mayai mabichi na tangawizi vitazuia sauti yako isikauke kila baada ya mazoezi ya kwaya, au utafute mwalimu wa sauti. Tafuta mwalimu. Chakula hupita kwenye umio, nyuzi za sauti ziko kwenye zoloto, njia ya hewa. Yai halizigusi kabisa. Wewe kunywa maji siku nzima.

Mwalimu mzuri ataanza na pumzi: mbavu zifunguke, mabega yatulie, hewa itoke kidogo kidogo. Halafu atasikiliza sauti yako inakaa wapi. Hapo ndipo wengi wanapoumia: mtu ni alto, sauti ya chini ya wanawake, anawekwa soprano, sauti ya juu, kwa sababu waimbaji wa soprano wamepungua, kila Jumapili analazimisha noti za juu kwa koo. Mwambie kiongozi wenu, kwa heshima, lakini mwambie.

Kwa sasa, kabla ya kuimba, vumisha wimbo taratibu kupitia mrija wa soda kwa dakika chache. Nyuzi zinapata moto bila kuchoka. Mwalimu akikuambia uvumilie maumivu, mwache. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, muone kwanza daktari wa masikio, pua na koo.