Kwa nini "wind" si nomino dhahania?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha kwanza na Kiingereza kinanipeleka puta. Tulipewa maneno tuyapange katika mafungu manne: nomino za kawaida, za pekee, za vitu halisi na dhahania. "Wind" nikaiweka kwenye dhahania kwa sababu upepo hauonekani, nikakosa. "Kilimanjaro" nikaiweka kwenye za pekee, mwenzangu akaiweka kwenye vitu halisi. Nani kapata?

JIBU: Marahaba. Kwenye "Kilimanjaro" mmepata wote wawili. Zoezi ndilo limewachanganya. Hayo si mafungu manne, ni jozi mbili, na kila jozi ina swali lake. La kwanza: hili ni jina la mmoja tu, au la kila kilicho cha aina hiyo? "Mountain" ni mlima wowote ule, basi ni ya kawaida. "Kilimanjaro" ni mlima mmoja, basi ni ya pekee. La pili: ninakipata kwa mwili (kitu halisi), au kwa akili tu (dhahania)? Kila nomino hujibu maswali yote mawili. "Kilimanjaro" ni ya pekee na ya kitu halisi. "Honesty", yaani uaminifu, ni ya kawaida na dhahania. "Islam" ni ya pekee na dhahania. Haishikiki, lakini herufi kubwa inaistahili.

Tuje kwenye "wind". Wewe ulitumia macho peke yake, na milango ya fahamu iko mitano. Upepo unakupiga usoni. "Smell" (harufu) inaingia puani, "thunder" (ngurumo) inashtua masikio. Vyote ni vitu halisi. "Fear" je? Unamwona mtu anatetemeka. Hofu yenyewe huioni, huisikii wala huinusi.

Wengine watakwambia utazame mwisho wa neno: -ness, -ity, -hood. Inasaidia. "Kindness" na "childhood" ni kama upole na utoto kwetu, vyenye ile u- ya mwanzo. Ila ukuta nao unaanza na u-, na ukijigonga kichwa hutauita dhahania. Vivyo hivyo "witness" inaishia na -ness, kumbe ni shahidi, mtu na miguu yake.

Neno linalonipendeza kwa kuwatega wanafunzi ni "youth". Katika "in my youth" ni ujana, dhahania kabisa. Katika "a youth came in" ni kijana kaingia mlangoni, unaweza kumpa kiti. Zoezi likikupa neno hilo bila sentensi, andika majibu yote mawili na sababu zake.