Wanasema "tumeelewa, prof", kisha kwa interogasio wanaanguka

SWALI: Jambo Prof. Mi ni asista huku Bukavu, nafundisha mekanika mwaka wa kwanza polyteknik, wanafunzi 180 kwa oditwari moja. Nikiuliza kama wameelewa wote wanajibu ndiyooo. Interogasio ya mwezi uliopita, waliopata nusu ya pointi hawakufika hata 50. Sasa kuna jamaa anatoa formasio ya siku mbili, dola 150 pamoja na setifika, anasema kila mwanafunzi ana namna yake, kuna wa macho, kuna wa masikio, kuna wa mikono, na ukipata projekta na video nzuri wote watafaulu. Nilipe ama niache?

JIBU: Mdogo wangu, usilipe. Hizo dola weka kwa mfuko, ama nunua chaki na kartasi, vitakusaidia kuliko hiyo setifika.

Swali kama hili napokea kila mwanzo wa mwaka, hapa Goma, huko kwenu, hata Lubumbashi, na karibu kila mara mwenye kuuliza ni kijana mwenye bidii, anayelala saa saba za usiku akipanga somo, ndiyo maana inaniuma nikiona watu wanakula pesa yake. Hiyo habari ya wa macho na wa masikio ilishachunguzwa zamani. 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia utafiti wote waliopata, na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba ukimfundisha mtu kwa "namna yake" anajifunza zaidi. Mtu anaweza kupenda picha, sawa, lakini kupenda si kujifunza. Projekta nayo ni ukuta wenye mwanga, ukiandika juu yake yale yale uliyokuwa unadikte, wanafunzi watayanakili yale yale, tena umeme ukikatika unabaki umesimama huna la kufanya.

Lakini kinachonikera zaidi ni hiyo "ndiyooo". Tafadhali acha kabisa kuuliza "mmeelewa?". Nani atainuka mbele ya wenzake 179 aseme mi sijaelewa? Na hata asiyeogopa, mara nyingi mwenyewe hajui kama hajaelewa, kwa sababu amekuona unapanga hesabu kwa tablo hatua kwa hatua, kila hatua imemwingia, anadhani na yeye anaweza. Ni kama kumwangalia mama akisonga bugali, mkono unaenda vizuri unaona ni kitu rahisi, mpaka siku umeshika mwiko mwenyewe.

Jaribu hili wiki ijayo. Andika kwa tablo: mtu wa chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) anasukuma gunia tatu za makaa kwenye barabara tambarare iliyonyooka, mwendo haubadiliki. Nguvu anayosukuma nayo, ukiilinganisha na jumla ya nguvu zinazomzuia, ni (1) kubwa zaidi, (2) sawasawa, (3) ndogo zaidi? Hakuna hesabu hapo, na jibu ni (2): mwendo usipobadilika, nguvu zimelingana. Mara ya kwanza niliitoa kwa watu waliokuwa wamenipangia vizuri sana F sawa na ma, ile kanuni ya Newton ya nguvu na mwendo, na zaidi ya nusu walichagua (1), wanasema lazima asukume kuliko kinachozuia, la sivyo chukudu itasimama. Nilinyamaza kidogo. Muhula mzima nilikuwa nawapa pointi kwa kupanga herufi, na kichwani mwao bado Newton hajaingia.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes kule Marekani walitoa jaribio la maswali ya namna hiyo juu ya nguvu na mwendo, kwa maneno ya kila siku. Eric Mazur, prof wa fizikia kule Harvard, alilipeleka kwa wanafunzi wake akidhani ni rahisi mno kwao, na mmoja akamuuliza kama ajibu kadiri alivyofundishwa ama kadiri anavyofikiri mwenyewe. Kutoka hapo Mazur akabadilisha darasa lake.

Namna yenyewe haitaki vifaa. Unatoa swali, dakika mbili kila mtu afikiri peke yake, kimya. Halafu kwa pamoja wanaonyesha jibu kwa vidole, vidole wanavishika kwenye kifua ili jirani asiibe. Wewe unaangalia tu, usiseme lipi ni sahihi, hata uso wako usiseme! Waliopata wakiwa kati ya 30 na 70 kwa mia, mwambie kila mtu atafute jirani aliyechagua tofauti naye wabishane dakika tatu, kelele zitakuwa nyingi, ziache. Wanapiga kura tena, ndipo unaeleza. Waliopata wakiwa wachache kuliko hapo, rudi ufundishe upya, wakiwa wengi endelea mbele. Maswali matatu hivi kwa somo la saa mbili yanatosha.

Najua utaniambia silabisi haitaisha. Kweli, hutadikte kurasa zote. Demonstrasio ndefu, zile za kuthibitisha kanuni, waache wasome nyumbani, wanajua kusoma.

Matokeo yapo. 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati universite: kwenye madarasa ya kusikiliza tu walianguka karibu 34 kwa mia, kwenye yale ambayo mwanafunzi anafanyishwa kazi humo humo darasani karibu 22. Kwa oditwari yako ya 180 hiyo tofauti ni kama watu 20, na kila mmoja kuna mzazi ameuza kitu ili alipe minerval, ile karo ya universite.

Ujitayarishe na malalamiko pia, watasema asista hafundishi, anatuuliza maswali tu. Utafiti mmoja wa Harvard wa 2019 ulionyesha wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani walijifunza zaidi, lakini wenyewe walijisikia wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza prof mwenye maneno matamu. Basi waeleze mapema, siku ya kwanza, kwa nini unafanya hivyo.

Na nyinyi wengine mnaosoma, maasista, wakuu wa kazi, hata madekani wenye kusaini bajeti: kila mtu akija na formasio ya siku mbili, programu ya simu, tablo ya kugusa, video sijui za nini, muulizeni kwanza swali moja, wanafunzi watakuwa wanafanya nini wenyewe wakati mwalimu amenyamaza? Halafu mwambieni awape wanafunzi jaribio lile lile kabla na baada, na malipo yake asubiri mpaka kopi zisahihishwe na mtu mwingine. Waliokuja kwangu niliwaambia hivyo hivyo, na mpaka leo hakuna aliyerudi.