Barua kwa mwanangu: kitabu cha kufuata

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza mambo mawili: usome nini baada ya kumaliza juzuu zote tatu za The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien, maana vitabu vinne ulivyoanza baadaye vimekushinda njiani; na umpe nini rafiki yako anayesema fantasia, yaani hadithi za uchawi na nchi za kubuni, ni za watoto.

Nimekusoma mara mbili. Vita vyote vile hukutaja hata kimoja. Ulichoniandikia ni kwamba ulilia pale Sam alipombeba Frodo mgongoni kupanda mlima, kwa kuwa ile pete ya uchawi iliyomlemea Frodo asingeweza kumpokea, ila mwenyewe aliweza kumbeba. Jibu lako limo humo humo. Hivyo vinne, kwa jinsi ulivyonisimulia, ni vya majeshi na falme. Aliyekuchagulia aliona mapanga, wewe ulikuwa unautazama mgongo wa Sam. Viweke tu, siku yake itafika.

Anza na A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968. Ni kifupi, na baada ya safari ndefu vile kifupi kinafaa. Ged, kijana mwenye kipaji cha uchawi, anafungulia kivuli kwa sababu ya majivuno, na kivuli kile kinamwandama. Katika visiwa vya Earthsea, anakoishi, kila mtu ana jina lake la kweli, na anayelijua amekushika; ndiyo maana watu hulificha. Sasa msubiri Vetch, rafiki yake Ged wa masomoni. Ged ana makovu usoni, amebaki nyuma masomoni, hajiamini tena. Vetch amehitimu, amekuja kuaga. Kabla hajaondoka anamtajia rafiki yake jina lake la kweli, bila kuombwa. Hapo nilikifunga kitabu kidole kikiwa ndani, nikakaa kimya kwa muda. Ukifika hapo niandikie siku hiyo hiyo, tafadhali.

Kisha rudi kwa Shaaban Robert. Najua ulimsoma shuleni kwa ajili ya mtihani, na mtihani huua hamu. Lakini Adili na Nduguze, cha 1952, nilikusomea mimi kabla ya shule. Liwali mwema, mpole kwa kila mtu, kila usiku anachukua mjeledi na kuwachapa nyani wawili. Hataki kuwachapa, na hawezi kuacha. Ulikuwa na miaka sita hivi. Uliweka kiganja juu ya ukurasa ili nisiendelee. Sikukulazimisha, tukalala. Nadhani ni mzigo ule ule uliokuliza mlimani, ila huyu anaubeba kwa namna nyingine.

Kuhusu rafiki yako: usimtajie neno fantasia. Umesema anapenda kesi na mawakili. Mwambie kuna mtu yuko kizimbani kwa kosa la kutaka kufundisha sheria, na waliomtangulia, wajumbe waliotumwa pande sita kutafuta maarifa, walirudi na mema wakafungwa. Umwambie hayo tu, kisha umpe Kusadikika, cha Shaaban Robert huyo huyo, cha 1951. Kwamba nchi yenyewe iko angani atagundua mwenyewe, akiwa tayari ameshaingia. Na usimsimulie mwisho! Wewe una tabia hiyo tangu utotoni, na mtu akishasimuliwa mwisho anakisoma kama anayekagua.

Akimaliza usimuulize kama amekipenda. Muulize alisimama wapi. Atakapokuambia, utajua cha kumpa baada ya hicho, kama mimi nilivyojua kwako.

Adili nimekufungia pamoja na barua hii, nakala yetu ile ile. Jalada limeachia kidogo, nimelibandika. Ukurasa wa kiganja chako nimeweka uzi mwekundu. Anzia mwanzo, lakini, usirukie kwenye uzi.

Mama yako