Gereji ya Wasomaji: Likizima juani, usikimbilie pampu

Barua za toleo hili karibu zote ni za magari mawili, Datsun 240Z na MGB. Si ajabu. 240Z ndiyo iliyoshinda East African Safari mwaka 1971 na tena 1973, na mzee yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara akila vumbi la Safari ukimtajia tu anaanza kusimulia. MGB ni Mwingereza wa Abingdon, aliyetengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980. Yote mawili hufunguka kwa spana za kawaida. Kinachoyamaliza hapa Dar ni joto, hewa ya chumvi, na tabia yetu ya kununua spea kabla ya kupima.

Linazima kwenye foleni

*Nina 240Z ya 1972. Asubuhi halina tatizo. Mchana kwenye foleni ya Mwenge linaanza kukwamakwama, kisha linazima. Nikikaa saa nzima linawaka kama halikuwa na kitu. Fundi keshabadilisha pampu ya petroli, plagi na filta, hali ni ile ile. Nifanye nini? – Msomaji, Mbezi Beach*

Ugonjwa huu una vyanzo viwili vinavyofanana kabisa ukiwa umekaa kwenye usukani: umeme unaokufa kwa joto, au petroli inayochemka. Ukipima gari likiwa limepoa hutaona kitu, kwa hiyo kipimo kifanyike palepale lilipozimia. Weka kwenye gari plagi moja ya akiba na spana ya plagi.

Likizima, chomoa waya wa plagi mojawapo, uchomeke kwenye plagi ya akiba, kisha ilaze chuma chake kiguse injini, mbali na kabureta. Mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayosikika ikilia maana yake umeme upo. Cheche ya njano, nyembamba, au isiyokuwepo kabisa, anza na kondensa (kidude kidogo kinachotunza umeme wa pointi) ndani ya distributa, inayogawa umeme kwa kila plagi, kisha koili, inayoongeza volti za cheche. Kondensa ni kitu cha bei ndogo na ndicho hufa kwanza kikipata moto. Ukiwa hapo, mwanya wa pointi, yaani vidude viwili vinavyokutana na kuachana kukata umeme, uwe kati ya 0.45 na 0.55 mm.

Kama cheche ni nzuri, fungua plagi moja ya injini uitazame. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, injini imefurika. Ikiwa kavu, petroli haifiki.

Kwa nini itokee hata moja kati ya hayo? Kwenye injini hii ya L24, manifoldi ya kuingizia hewa na ile ya ekzosi ziko upande mmoja, na kabureta mbili zimekaa juu kabisa ya ekzosi. Gari likitembea, upepo unazipoza. Likisimama, joto lote linapanda kwenye mabakuli ya floti, yanayotunza petroli ndani ya kabureta. Petroli ikichemka ndani ya bakuli humwagikia kwenye manifoldi, ndiyo mafuriko. Ikichemka kwenye bomba, pampu inabaki kusukuma mvuke. Pampu mpya nayo itasukuma mvuke uleule, ndiyo maana fedha yako haikusaidia.

Sasa kagua vitu hivi kwa macho. Chini ya kabureta lazima kuwe na bati la kukinga joto. Magari mengi yaliyopita mikono mingi halipo, mtu alilitoa akashindwa kulirudisha. Mchonga bati anaweza kukutengenezea la alumini la mm 1.5, mradi lisiguse ekzosi wala fimbo za pedali ya mafuta. Kati ya kabureta na manifoldi kuna spesa nene nyeusi za kuzuia joto. Zikitolewa na kuwekwa gasketi nyembamba tupu, kabureta inakuwa imefungwa moja kwa moja kwenye chuma cha moto.

Kitu cha tatu ndicho mafundi wengi hawakijui. Gari hili lina bomba la kurudisha petroli kwenye tangi, ili petroli izunguke badala ya kukaa na kupata moto. Mara nyingi utakuta limezibwa kwa bolti kwa sababu "lilikuwa linavuja". Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa tangi, chomoa hosi ya kurudi upande wa injini na ulipulizie bomba kwa pampu ya baiskeli. Ukisikia mapovu kwenye tangi, liko wazi. Kimya, limeziba.

Halafu rejeta. Mfuniko uwe wa 0.9 kg/cm², yaani takriban psi 13. Feni ikague injini ikiwa ya moto na IMEZIMWA: izungushe kwa mkono, inatakiwa ikupe ukinzani. Ikizunguka mizunguko kadhaa kama pangaboi, oili ya kapilingi yake (kiungo kinachoishikisha kwenye injini) imekwisha na kwenye foleni haivuti kitu. Thamostati ya nchi za joto ni ya nyuzi 76.5, ile ya 82 nayo inafaa. Kuitoa kabisa, kama inavyofanyika kila gereji mjini hapa, hakuponyi rejeta iliyoziba. Kunaifanya injini ikimbie ikiwa baridi asubuhi, inywe petroli na kulika silinda.

Na tafadhali, maji ya kisima yasiingie humo. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na silinda hedi ya L24 ni alumini juu ya bloku ya chuma. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi.

Wakati bado hujarekebisha, likigoma likiwa la moto, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini, ishikilie hapohapo, upige stata kwa sekunde tano hadi kumi. Hewa nyingi itaingia na kukausha mafuriko. Usiipampu pedali, kabureta za aina hii hazina pampu ya kuongezea petroli, unajichosha mguu.

Pampu inayotaka kugongwa

*MGB yangu ya 1971 nikifungua swichi pampu ya petroli inakaa kimya. Nikishuka nikaigonga kwa kishikio cha bisibisi inaanza tik-tik-tik na gari linawaka. Nimeshauriwa nifunge pampu ya umeme ya gari la kisasa. – Msomaji, Upanga*

Usifunge. Kabureta za SU kwenye gari lako zinataka presha isiyozidi psi 3. Pampu nyingi za bei rahisi zinasukuma zaidi ya hapo, sindano ya floti inashindwa kuziba, na petroli inamwagika juu ya ekzosi. Hapo tunazungumzia moto.

Kugonga kunakoifanya iamke ni dalili ya pointi zake kuungua. Pampu hii hufanya kazi kama kengele ya mlango: sumaku inavuta diaframu, pointi zinaachana, springi inasukuma petroli, pointi zinakutana tena. Kila zinapoachana kuna cheche ndogo, na gari likikaa wiki mbili kwenye unyevu wa Upanga juu yake hujengeka utando.

Ondoa waya wa hasi wa betri. Pampu iko chini, nyuma upande wa kulia, mbele ya ekseli. Fungua nati ndogo ya mwisho, vua kifuniko cheusi. Pitisha katikati ya pointi kipande cha msasa namba 600 kilichokunjwa, mara nne au tano tu, kisha karatasi safi iliyoloweshwa spiriti. Ukikuta pointi zina mashimo, usizipake msasa zaidi. Agiza seti mpya.

Kabla ya kufunga, pima volti pale kwenye pampu ikijaribu kufanya kazi. Chini ya 11 wakati betri ina 12 na kitu, waya au ethi (muunganisho wa hasi kwenye bodi la gari) ndiyo mgonjwa. Unganisha waya wa muda kutoka bodi ya pampu hadi hasi ya betri. Ikichangamka, safisha ethi yake ya kudumu mpaka chuma kionekane.

Na jifunze kuisikiliza. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, ipige haraka kisha inyamaze au ipige mara mojamoja: mabakuli yamejaa. Ikiendelea bila kukoma, ama inavuta hewa kwenye maungio ya upande wa tangi, ama kabureta mojawapo inafurika.

Taa hafifu, boksi la fyuzi la moto

*240Z, taa za mbele kama mishumaa, na nikiziwasha nusu saa nasikia harufu ya plastiki. – Msomaji, Tegeta*

Kwenye gari hili umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya boksi la fyuzi na swichi ya usukani, hakuna relei, yaani swichi inayofungwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa. Balbu mbili za halojeni za wati 60/55 kwenye ful (mwanga wa mbali) ni wati 120, gawanya kwa 12 upate amp 10. Kishikio cha fyuzi chenye kutu ya kijani kinageuza sehemu ya amp hizo kuwa joto, na hilo ndilo unalolinusa.

Pima kwanza. Taa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye pini ya chanya ya taa. Ikizidi volti 0.5, umeme unapotea njiani. Rudia upande wa hasi. Kisha funga relei mbili za amp 30, moja ya dimu na moja ya ful, umeme ukitoka kwenye betri kwa waya wa mm² 2.5 na fyuzi ya amp 15 kwa kila relei, karibu na betri. Gerezani vitu hivi havikosekani. Angalizo moja kwa fundi umeme: dimu na ful kwenye 240Z hubadilishwa upande wa hasi, si wa chanya. Asiyejua hilo atazunguka na testa siku nzima.

Moshi ndani ya gari

*Tukifunga vioo tunasikia harufu ya ekzosi, tukifungua ndiyo inazidi. Ni 240Z. – Msomaji, Kigamboni*

Gari likikimbia, nyuma yake presha ya hewa hushuka na moshi hurudi kuegemea mlango wa nyuma. Tundu lolote pale linauvuta ndani, na ukifungua vioo vya mbele unauvuta zaidi. Kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu, kwa hiyo kichwa kikianza kuuma usisubiri wikiendi.

Bana kipande cha karatasi kwenye mlango wa nyuma, ufunge, ukivute. Kikitoka kirahisi, mpira umekufa mahali hapo. Rudia kila sentimita 10. Kisha vua taa za nyuma ukague gasketi zake, maana wanaopaka rangi husahau kuzirudisha. Tafuta pia vizibo vya mpira vilivyodondoka kwenye bati la nyuma. Bomba la ekzosi lipite bampa, lisiishie chini yake.

Breki baada ya masta silinda mpya

*Tangu fundi abadilishe masta silinda ya 240Z, pedali inashuka sana halafu breki zinashika ghafla. Tumetoa hewa mara tatu. – Msomaji, Tabata*

Acheni kutoa hewa. Ndani ya busta, chombo kinachoongeza nguvu ya mguu wako nyuma ya masta silinda, kwenye ncha ya fimbo, kuna kisahani cha mpira kikubwa kama sarafu. Fimbo ikivutwa, hudondoka ndani bila mtu kuona. Fungua nati mbili za masta silinda, isogeze mbele pole pole bila kufungua mabomba, vuta fimbo, umulike kwa tochi. Utakikuta kimelala chini. Kipake grisi ya silikoni kidogo kikamate kwenye fimbo, urudishe. Mafuta ya breki yawe DOT 4, na kwa unyevu wetu yabadilishwe kila mwaka.

Tapeti

*Naomba vipimo vya tapeti, yaani mwanya wa vali, vya 240Z na MGB. – Msomaji, Magomeni*

240Z ikiwa ya moto: vali ya kuingiza 0.25 mm, ya kutoa 0.30 mm, nundu ya kemu ikitazama juu. MGB ikiwa baridi: 0.38 mm zote. Kwa MGB tumia hesabu ya tisa, namba mbili zikijumlishwa ziwe tisa: vali namba 1 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha namba 8, ya 3 ikifunguka, rekebisha ya 6. Ukishakaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu kukaza huizungusha skrubu kidogo na mwanya unabadilika.